Delamere wa Njoro: Mtu Aliyepigana na Kutu

Wengi wetu tukilisikia jina Delamere tunawaza mtindi. Basi likitoka Nairobi kuja huku kwetu Nakuru, abiria huanza kuulizana mapema kama dereva atasimama pale Delamere, karibu na Naivasha, watu wanyooshe miguu na kutia kitu mdomoni. Tumelitamka jina hilo tangu chekechea bila kujiuliza ni la nani. Kumbe ni jina la mtu! Alikuwa Mwingereza mwenye nywele nyekundu, mchechemeaji, mwepesi wa hasira, na amelala kaburini tangu mwaka wa 1931 huko Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita.

Nilipopewa nafasi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri wa kale katika jarida hili la chama chetu, wenzangu walichagua wafalme na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua huyu mlowezi. Najua wapo watakaokunja uso na kuniuliza, kwani mashujaa wamekwisha? Sababu yangu ni chapati. Naam, chapati ile ambayo ikipikwa bwaloni hata mgonjwa hutoka kitandani. Historia yake ni ndefu, inapita Roma na Bara Hindi na shamba moja hapa Njoro. Ukimtoa Delamere katika historia hiyo utakuwa umeacha pengo, na ukimsifu yeye peke yake utakuwa umeongopa. Basi nitajaribu kumweleza alivyokuwa.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, kwa maana ngano haikuanza na Delamere.

Warumi wa kale, wale waliotawala nchi zote zilizoizunguka bahari ya Mediterania, hawakuanza kwa kula mkate. Chakula chao cha mwanzo kilikuwa puls, yaani uji mzito wa nafaka aina ya ngano iliyopondwa na kuchemshwa. Ukikazwa sana ni ugali huo! Mwandishi wao mmoja, Pliny, ameandika kwamba mji wa Roma ulikaa zaidi ya miaka 500 bila waokaji wa kuuza mkate. Walitokea karibu na mwaka wa 171 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo kila mwanamke alioka nyumbani kwake. Baadaye mkate ukashika nchi. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka wa 79 na kuufukia mji wa Pompeii, mikate iliungua ikawa makaa na kuhifadhika hivyo hivyo. Wachimbaji wameikuta ikiwa mviringo, imekatwa alama za vipande vinane, kama mtu anavyoigawa chapati ya wageni.

Ule uji nao haukupotea. Katika kitabu cha mapishi kinachoitwa kwa jina la Apicius, tajiri mlafi wa Roma, mna uji wa ngano uliotiwa nyama na ubongo, pilipili manga, mvinyo na mchuzi wa samaki waliovundishwa kwa chumvi. (Mpishi wetu akithubutu kutupikia hivyo nadhani shule ingegoma.) Karne nyingi zilipopita na mahindi yakaletwa Ulaya kutoka Amerika, Waitalia waliendelea na desturi yao ya uji mzito, ila sasa wakatumia unga wa mahindi. Wanauita polenta. Mtu wa Njoro akiwekewa polenta atauliza sukuma wiki iko wapi.

Je, sisi huku tulikuwa mbali na hayo yote? La hasha. Kuna kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa katika karne ya kwanza na mfanyabiashara Mgiriki aliyekaa Misri wakati nchi hiyo ilikuwa chini ya Roma. Ameeleza pwani yetu, ambayo aliiita Azania, hadi mji wa Rhapta. Anasema mabaharia walileta huku mikuki, mashoka na vyombo vya kioo, na sehemu fulani walileta divai kidogo na ngano si haba, si kwa kuuza bali kwa kuwapa wenyeji ili wapendwe. Yaani ngano ilianza kufika kwetu kama zawadi ya kulainisha mioyo. Na lugha yetu pia imeonja Roma: neno meza tulilipata kwa Wareno, nao walilitoa katika Kilatini, na mvinyo vivyo hivyo. Kwa hivyo ukiketi mezani unatumia neno la Kirumi, upende usipende.

Ngano ile iliishia pwani. Huku bara watu walikula wimbi, mtama, viazi vikuu, ndizi, na wafugaji walikula maziwa na nyama. Ilibidi miaka zaidi ya 1,800 ipite ndipo shamba kubwa la ngano likaonekana Bonde la Ufa, na hapo sasa ndipo anapoingia mtu wetu.

Jina lake kamili lilikuwa Hugh Cholmondeley, na alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870. Alisomea Eton, shule ya watoto wa mabwana wakubwa. Baba yake alipofariki mwaka wa 1887, kijana huyu wa miaka 17 akarithi cheo cha Lodi Delamere, wa tatu kukishika, pamoja na shamba kubwa la Vale Royal katika jimbo la Cheshire. Hebu fikiria, mwanafunzi wa kidato cha tatu anaamka asubuhi moja amekuwa lodi mwenye mali isiyohesabika! Haikuchukua muda kabla ya mali hiyo kuanza kupukutika. Uwindaji ulimpenda kuliko vitabu. Mwaka wa 1891 akaenda nchi ya Wasomali kuwinda simba, akanogewa, akarudi tena na tena.

Mwaka wa 1894 simba alimrukia na kumtafuna mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, ambaye alimvaa yule simba kwa mikono mitupu mpaka bwana wake akaifikia bunduki. Delamere alichechemea maisha yake yote. Vitabu vingi vinaposimulia kisa hiki humtaja Abdullah kwa sentensi moja kisha vinaendelea na lodi. Mimi nimeona nimtaje kwa jina lake kamili, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na mtu wa kuandika habari zake.

Mwishoni mwa 1896 alifunga safari ndefu kuliko zote. Aliondoka pwani ya Wasomali na msafara wa ngamia, akavuka jangwa, na mwaka uliofuata akatokeza katika nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Kenya. Baada ya miezi ya vumbi na kiu aliona majani mabichi, mito na hewa baridi. Hapo moyo wake ukanasa. Mwaka wa 1899 alimwoa Florence Cole, binti wa mkuu mmoja wa Ireland, na mapema katika karne mpya wakahamia huku. Reli ilikwisha kufika Nakuru mwaka wa 1900, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetumia mamilioni ya pauni kuijenga na sasa ilitafuta watu wa kulima ili treni ipate mizigo. Kwa Delamere ilikuwa kama mtu mwenye njaa kupita penye karamu.

Aliomba ardhi mara mbili akakataliwa. Ombi moja lilikuwa la mahali mbali mno na wazungu wengine, na jingine lilikuwa upande wa Naivasha, ambako serikali ilihofia ugomvi na Wamaasai. Mara ya tatu, mwaka wa 1903, akapewa Njoro: ekari 100,000 kwa muda wa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika miaka mitano ya kwanza. Tuzifafanue hizo ekari kidogo. Ni zaidi ya kilomita za mraba 400. Mbuga yetu ya Ziwa Nakuru yote, pamoja na ziwa lenyewe, ni kama kilomita za mraba 188. Yaani mtu mmoja alipewa zaidi ya mbuga mbili.

Sasa, ardhi hiyo ilitoka wapi? Swali hili nisingependa kuliruka. Bonde hili lilikuwa malisho ya Wamaasai. Majina yenyewe yanashuhudia: Naivasha ni Naiposha, Soysambu ni jiwe la mabaka, na Nakuru yetu, wengi husema, ni mahali pa vumbi, yote katika Kimaasai. Mwaka wa 1904 Wamaasai walitiliwa mkataba, wakahamishwa kutoka kando ya reli, wengine wakapelekwa kusini na wengine Laikipia. Waliahidiwa kwamba huko Laikipia pangekuwa pao daima. Daima hiyo ilidumu miaka saba. Mkataba wa pili ulipotiwa sahihi mwaka wa 1911, walianza kuswagwa tena kwenda kusini na mifugo yao, na kazi hiyo ikamalizika mwaka wa 1913. Walipokwenda mahakamani mwaka huo wa 1913 kudai haki, kesi yao ikatupwa. Majina yakabaki, wenyewe wakaondoka.

Cha ajabu ni kwamba Delamere aliwapenda Wamaasai kwa dhati. Alijifunza lugha yao, wachungaji wake walikuwa Wamaasai, na jioni aliketi nao akizungumza nao kwa saa nyingi. Ni vigumu kuyaweka mambo haya mawili katika kapu moja, yaani kumpenda mtu na kuikalia ardhi yake, lakini ndivyo alivyokuwa na mimi siwezi kumsawazisha ili apendeze kwenye karatasi.

Pale Njoro aliliita shamba lake Equator, kwa kuwa mstari wa ikweta hauko mbali. Yeye na mkewe waliishi katika vibanda vya udongo na nyasi, ndani mna fanicha za fahari zilizoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Wanaosimulia maisha yake husema chakula chake kilikuwa hicho hicho siku nenda siku rudi: nyama ya swala na matunda ya makopo. Mtu huyu aliyekuja kubadili vyakula vya nchi nzima hakuwa na habari na utamu wa chakula. Apicius angemlilia.

Alianza na kondoo. Alileta madume ya merino kutoka New Zealand akawachanganya na kondoo wa Kimaasai. Wakaanza kukonda na kufa. Majani yalikuwa mengi, mabichi, yanafika magotini, na kondoo wanakufa njaa katikati yake! Baadaye sana, katika miaka ya 1930, wataalamu waligundua kwamba mifugo hukonda hivyo udongo ukikosa madini ya kobalti, na vitabu vya udaktari wa mifugo hadi leo vinauita ugonjwa huo kwa jina la mji wetu: Nakuruitis. (Kuna miji inayosifika kwa viwanja vya ndege na mingine kwa mashindano ya magari, sisi tuna ugonjwa wa ng'ombe.) Wamaasai hawakuwa na maabara, lakini walijua. Sehemu hiyo walikuwa wakiipita, hawakuweka mifugo yao hapo. Serikali iliona mahali hapana watu ikadhani ni bahati, ikampa lodi. Hapana aliyewauliza wenyeji kwa nini majani mazuri hivyo hayana mlaji.

Akageukia ng'ombe. Akawaleta wa Kizungu, nao wakaanguka kwa homa ya kupe na ugonjwa wa mapafu. Fedha zilikuwa zinatoka Cheshire, ambako aliweka rehani shamba la babu zake ili aendelee kuzika mifugo Njoro. Mtu mwingine angefunga virago. Yeye akasema na moyo wake kwamba kama udongo umekataa wanyama, pengine utakubali nafaka. Akalima ngano.

Hapa ndipo maisha yake yanaponivutia zaidi, kwa hiyo nivumilie.

Ngano ilikubali. Ilimea, ikarefuka, zaidi ya ekari elfu moja zikawa zinayumba kwa upepo wa Mau. Kisha ikapata kutu. Mabua yalitokwa na vipele vyekundu vya kahawia. Ukivigusa vidole vinakuwa kama umeshika chuma cha zamani. Huu si uchafu bali ni ukungu, kimelea kidogo kinachonyonya maji na chakula cha mmea, na vumbi lake hupeperushwa na upepo maili na maili. Punje husinyaa zikabaki kama makapi. Shamba lilikwisha. Katika nchi za baridi, majira ya theluji huupunguza ukungu huo nguvu kila mwaka. Huku kwetu hakuna theluji. Kuna ngano changa mahali fulani karibu miezi yote, na kutu haikosi pa kulala.

Warumi waliijua kutu hii vizuri. Waliiita robigo, na neno hilo kwao lilikuwa na maana zote mbili, kutu ya chuma na kutu ya ngano, sawasawa na Kiswahili chetu. Waliiogopa kiasi cha kuifanya kuwa mungu, Robigus, na kila tarehe 25 Aprili walitoka nje ya mji na kumchinjia mbwa na kondoo ili asiguse mashamba. Tusiwacheke. Mji mkubwa kama Roma ulilishwa kwa ngano ya Sisilia, Afrika ya Kaskazini na Misri. Wakati wa Kaisari Augusto watu kama 200,000 walipokea ngano ya bure ya serikali. Ngano ikikosekana, Kaisari mwenyewe hakulala usingizi.

Delamere hakuchinja mbwa. Alimwajiri mtaalamu, Bwana Evans, akamjengea maabara shambani ili avushe mbegu, yaani achanganye aina moja na nyingine kwa mkono, ua kwa ua, apate zao litakalostahimili. Mbegu zilitafutwa Australia, Misri na Italia. Miongoni mwa zile za Italia ilikuwamo iitwayo Rieti, iliyosifika kwa kuivumilia kutu. Rieti ni mji ulio kaskazini-mashariki ya Roma, na zamani uliitwa Reate. Varro, mwandishi mkubwa wa Kirumi wa mambo ya kilimo, alitoka huko. Basi ona mzunguko huo: ngano ya mashamba yaliyoilisha Roma, ya wakulima waliomwomba Robigus kwa karne nyingi, ikaletwa kupigana na Robigus yule yule hapa Njoro! Kutokana na kazi hiyo ya kuvusha mbegu ilipatikana ngano iliyoitwa Equator, kwa jina la shamba. Wakati huo huo, mwaka wa 1908, Delamere alianzisha kampuni ya kusaga nafaka. Angeweza kuipa jina la Kiingereza au jina lake mwenyewe. Akaiita Unga. Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna haki ya kutabasamu hapo.

Lakini hebu tuulize, ni nani aliyeushika mpini? Ardhi ilivunjwa na kupaliliwa na Waafrika, wengi wao wakisukumwa shambani na kodi ya vibanda, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakining'inizwa kipande shingoni. Familia nyingi za Kikuyu zilihamia Njoro na Molo zikaishi mashambani mwa wazungu kwa masharti ya kufanya kazi. Nao walikula nini? Si ngano. Walipewa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Neno hilo lilimaanisha tu fungu la chakula la mfanyakazi, lakini huku limeganda likawa jina la unga wenyewe na la mashine ya kuusaga. Mahindi meupe yaliyojaa mashamba ya walowezi yakawa chakula cha watu, na wimbi likarudi nyuma hadi likabaki la uji wa watoto. Hilo nalo si geni. Cato, Mrumi aliyeandika kitabu cha kilimo karne mbili kabla ya Kristo, alipanga posho ya watumwa wake kwa kipimo: ngano vibaba vinne vya Kirumi kwa mwezi wakati wa baridi, vinne na nusu wakati wa joto, na waliofungwa minyororo wapimiwe mkate kwa ratili. Mkate mweupe ulikuwa wa tajiri, mweusi wa maskini. Ukitaka kujua nani ni nani katika nchi yoyote, tazama rangi ya unga wake.

Mambo mengine nitayapitia mbio. Alijaribu mbuni, ambao manyoya yao yalivaliwa na wanawake wa Ulaya, mpaka mtindo ukapita. Florence, aliyevumilia vibanda vya nyasi na kusimamia shamba mume alipokuwa katika siasa, alifariki mwaka wa 1914. Vita vilipozuka Delamere alipeleleza mpaka wa Wajerumani akisaidiwa na rafiki zake Wamaasai. Soysambu, karibu ekari 50,000, aliipata mwaka wa 1906, na huko mifugo ilikubali. Ndiko alikotajirika tena na kukopa tena. Alioa mara ya pili mwaka wa 1928.

Siasa yake siwezi kuipitia mbio. Delamere alikuwa kinara wa walowezi, na alitaka Kenya iwe nchi ya wazungu, itawaliwe nao. Waliomkera zaidi walikuwa Wahindi. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli, wengi kutoka Punjab, na ingawa wengi walirudi kwao, wengine walibaki na wengine wakaja kufungua maduka. Walipodai haki ya kupiga kura sawa na wazungu na ya kununua ardhi ya nyanda za juu, walowezi walichacha hadi wakapanga njama ya kumteka gavana. Mwaka wa 1923 Delamere aliongoza ujumbe London kuwapinga. Serikali ya Uingereza ikatoa waraka ikisema maslahi ya Waafrika yatangulie ya wote, neno lililowashangaza walowezi na Wahindi pia. Hata hivyo, nyanda za juu zikabaki za wazungu.

Na sasa tumefika kwenye chapati. Delamere alilima ngano kwa ajili ya mkate wa Kizungu, ule wa kukatwa vipande na kupakwa siagi. Lakini mkate unataka tanuri na hamira, na mama wa kijijini alikuwa na mafiga matatu tu. Mhindi wa dukani ndiye aliyekuwa na jibu: unga, maji, chumvi, kijiko cha mafuta, na chuma bapa juu ya moto. Watu waliofanya kazi majikoni na madukani waliona, wakajifunza, wakapeleka nyumbani, wakaongeza mafuta na kuikunja tabaka tabaka. Leo chapati ya Krismasi kule Molo, Njoro au Bahati haimkumbuki Punjab wala Cheshire. Lodi aliyehangaika kuzuia Wahindi wasilikaribie shamba lake, unga wake umeishia katika mikono iliyofunzwa na Wahindi. Nikiwa nakanda unga nyumbani, kazi ambayo mama huniachia kwa kuwa mikono yangu ina nguvu, jambo hili hunichekesha peke yangu.

Delamere alifariki tarehe 13 Novemba 1931 akiwa na umri wa miaka 61. Deni alilowaachia mabenki lilikuwa kama pauni 500,000. Walowezi walimsimamishia sanamu Nairobi, katika barabara iliyoitwa kwa jina lake. Baada ya uhuru wa 1963 barabara ikawa Kenyatta, na sanamu ikahamishiwa Soysambu. Huko kuna kilima ambacho wazungu walikiita Pua la Delamere, kwa umbo lake. Wamaasai wanakiona tofauti: kwao ni morani aliyelala chali. Nimekitazama mara nyingi kutoka barabarani na sijawahi kuiona pua. Morani namwona.

Vita vyake na kutu havikuzikwa naye. Mwaka wa 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kilianzishwa Njoro, nacho kipo hadi leo chini ya taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, si mbali na Chuo Kikuu cha Egerton. Aina nyingi zilizotoka huko zina majina yatakayowafurahisha walimu wetu: Kongoni, Tembo, Paa, Mbuni, Chiriku, Nyangumi, Fahari. Halafu mwaka wa 1998, nchini Uganda, ilionekana kutu mpya iliyozishinda kinga ambazo ngano za dunia zilitegemea. Ikaitwa Ug99. Ilivuka ikaingia Kenya na Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemen na Iran. Mwaka wa 2005 Norman Borlaug, yule Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1970 kwa kazi yake ya ngano, alikuja Kenya akiwa na umri wa miaka 91 kuwaambia wataalamu waliokutana Nairobi kwamba hatari imefika. Tangu wakati huo mataifa mengi huleta mbegu zao Njoro zijaribiwe.

Kwa nini Njoro? Kwa sababu ile ile iliyomfilisi Delamere. Hapa kutu haikosekani. Wataalamu huipanda makusudi, huinyunyizia mimea ugonjwa huo kwa mkono, kisha hupita mstari kwa mstari na daftari wakiandika ni ipi iliyokufa na ipi iliyosimama. Maelfu ya mistari, kutoka Asia, Amerika na Ulaya, na kila msimu mingi hugeuka myekundu.